Jeki, Jogoo na Stendi Iliyokuwa Chini ya Kitanda cha Bibi

Ilianza Jumapili, saa nane na nusu mchana, likizo ya Juni mwaka wa tisini na sita. Saa naikumbuka kwa sababu Baba alikuwa amenivalisha saa yake ya mkononi ili isiingie grisi, na ilikuwa inanicheza mkononi kama bangili ya mtu mwingine.

Kulwa na Doto, wadogo zangu, siku hiyo ninyi mlikuwa Mwadui kwa shangazi, mkila mikate ya siagi. Mliporudi mkayasikia mambo kwa watu. Wengine waliwaambia Baba aliangukiwa na gari. Wengine waliwaambia Bibi alilinyanyua gari kwa mkono mmoja. Yote ni uongo, ingawa huo wa Bibi umeenea mtaa mzima na yeye mwenyewe hajawahi kuukanusha.

Sasa nawaandikia ukweli, kwa sababu nastaafu. Mnacheka? Nina miaka kumi na nane, sawa, lakini kazi ya kufungua matairi ya pikapu ya Baba nimeifanya tangu nilipokuwa kidato cha kwanza, na keshokutwa napanda basi kwenda bweni kuanza kidato cha tano. Wastaafu wengine hupewa saa ya ukutani. Mimi nimepewa sanduku la bati na ndoo yenye kifuniko. Jeki inabaki kwenu. Isalimieni kila mnapoitumia.

Kwanza mjue kwa nini kazi hii ilinipenda. Mimi, mnanijua, nikitumwa dukani nasimama mlangoni mpaka muuzaji anione mwenyewe. Mwalimu akiniuliza swali, jibu langu linasikiwa na dawati tu. Lakini gari halikutazami usoni. Tairi halikuulizi mbona huongei. Tena kazi ilikuwepo tele, kwa sababu Baba hupeleka mchele, sabuni na mapipa ya maji kwa wachimbaji wa Nyarugusu, na ile njia ina mawe ambayo nadhani wachimbaji huyapasua kwanza, wakiona hayana dhahabu wanayamwaga barabarani ili na sisi tupate hasara. Kila Jumamosi jioni pikapu ilirudi ikichechemea. Fundi wa pancha yuko stendi ya mabasi na haji nyumbani kwa mtu. Kwa hiyo tairi lazima litoke hapa hapa uani, livingirishwe mpaka kwake, lizibwe, livingirishwe kurudi. Mvingirishaji mimi.

Aliyenifundisha ni Bwana Kanji wa duka la spea. Baba alinipeleka pale kununua jeki mpya ya chupa, ile iliyokuwepo ikiwa inavuja mafuta kama mtoto anayetokwa na mate. Bwana Kanji aliiweka jeki juu ya kaunta, akaifunika kwa kiganja, akakataa kutuuzia mpaka anisomeshe.

"Binti, hii ni ya kufanya nini?"

Nikanong'ona, "Ya kunyanyua gari."

"Na ya kushikilia gari?"

Baba akajibu kwa niaba yangu, "Hiyo hiyo."

"Wewe sikukuuliza, Baba Minza. Ndiyo maana watu wenye akili kama zako nawauzia kila kitu mara mbili." Akaniinamia. "Jeki inanyanyua. Haishikilii. Ikishanyanyua, kazi yake imekwisha. Anayeshikilia ni huyu." Akapiga teke stendi mbili za chuma zilizokuwa sakafuni, zenye miguu mitatu kila moja kama kigoda cha jitu. "Na kama huyu hayupo?"

"Sijui."

"Tairi ulilolitoa, lilaze chini ya gari, chini ya chesisi. Gari likianguka, liangukie tairi, lisiangukie mtu. Na chini ya gari lililo juu ya jeki tupu, hata paka asipite. Rudia."

Nilirudia. Hakusikia. Nikarudia tena. Akasema nikiendelea na sauti hiyo, siku moja nitamwona mtu anagongwa na treni na mimi nitamwambia "samahani" kwa heshima. Baba alicheka sana. Nawaomba mkikumbuke kicheko hicho.

Tukanunua jeki na stendi zote mbili.

Sasa makosa, maana bila makosa nisingekuwa na cha kuwaachia.

Kosa langu la mwanzo nililifanya kwa furaha. Nilinyanyua gari kwanza, likapaa vizuri, nikalisifu, ndipo nikaweka spana kwenye nati ili nifungue. Nati haikulegea. Lililozunguka ni tairi. Nikaning'inia kwenye spana, tairi likazunguka na mimi, nikashuka upande wa pili kama mtoto wa kwenye bembea. Mama alitoka jikoni akauliza nacheza mchezo gani. Kwa hiyo sikilizeni: nati unazilegeza kidogo wakati tairi bado limekanyaga chini na gari lina uzito wake. Unalegeza tu, huzitoi. Kisha ndiyo unanyanyua.

Kosa jingine lilikuwa la mawe. Baba alisema hendibreki inatosha. Hendibreki ya pikapu yetu ni pambo. Nilipiga jeki mbele, gari likatafakari, likaondoka taratibu kinyumenyume kwenda kwa Mama Shija jirani, ambaye alikuwa ameanika udaga wake wa muhogo juu ya turubai. Jeki ikaanguka, gari likapita juu ya udaga wote, likasimama kwenye banda la kuku. Mama Shija alisema hajawahi kuona mtu anasaga unga kwa pikapu. Tangu hapo: gari kwenye ardhi tambarare, gia imeingia, hendibreki imevutwa hata kama ni pambo, na mawe makubwa mbele na nyuma ya matairi yanayobaki chini. Mawe mawili ninayoyatumia mimi yako pale chini ya mlimao. Yana majina. La kijivu ni Mzee, lile jekundu ni Mwenyekiti.

Halafu kuna habari ya chapati. Udongo wa uani kwetu ni laini, na jeki ukiiweka juu yake unapiga, unapiga, gari halipandi, jeki ndiyo inashuka. Inatakiwa ubao mpana na mgumu chini yake. Mimi, kwa haraka, nikachukua ubao wa kusukumia chapati. Ulifaa kabisa. Niliurudisha nikaupangusa na sketi. Jioni ile Baba alikula chapati tatu zenye duara katikati, akasema Mama amebuni urembo mpya. Mama akazitazama, akanitazama, akaenda kuutazama ubao. Hakunipiga. Alinipa ubao uwe wangu moja kwa moja, na hadi leo unanuka grisi na unga. Ndio huo, mtaurithi.

Turudi kwenye Jumapili yangu.

Bibi, mama yake Mama, alikuwa aje Jumatatu kutoka Chato. Ninyi mnajua Baba anakuwaje Bibi akija. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakaribiani, hawatazamani usoni, na wakiwa na neno wanalipitisha kwa mtu wa tatu hata kama wamesimama ukuta mmoja. Nimekuwa huyo mtu wa tatu tangu nikiwa na meno ya utoto. "Minza, mwambie bibi yako chai tayari." "Minza, mwambie baba yako nimeiona." Wenzangu walikuwa na wanasesere, mimi nilikuwa simu.

Basi Baba alitaka kila kitu kiwe sawa. Kitanda cha wageni kilikuwa na mguu mmoja uliokatika, na kwa kuwa seremala alikuwa msibani, Baba akachukua stendi moja ya gari akaiweka chini ya kitanda. Nikamwambia, "Baba, na gari?" Sidhani kama alisikia. Nadhani hata mimi sikusikia. Stendi ya pili alikuwa ameiazima rafiki yake tangu Pasaka, na vitu vinavyoazimwa na huyo rafiki huwa vinahamia kwake.

Kwa hiyo saa nane na nusu, pikapu ilikuwa imenyanyuliwa mbele kushoto, juu ya jeki peke yake. Nati moja ilikuwa imeng'ang'ania, Baba akaja kunisaidia. Alikuwa kifua wazi, amevaa bukta yake ya zamani, ile ambayo Mama alishaitupa mara kadhaa na yeye akawa anaifufua. Nyuma ilikuwa na tundu la kutosha kupitisha chungwa. Nati ikatoka, tairi likatoka. Tairi likiwa limelala karibu na magoti yangu, nikasema, "Baba, nikalete stendi ya kitandani."

"Ngoja nipumue."

Hapo hapo tukasikia, kwenye nafasi ya uzio wa minyaa, sauti ambayo haikutakiwa kusikika mpaka Jumatatu.

"Hodi hapa!"

Bibi alikuwa amepata lifti ya gari la samaki. Harufu ilitangulia, yeye akafuata, na mbele yake jogoo mkubwa mwekundu aliyefungwa miguu, amembeba kifuani.

Baba alitazama nyumba. Mlango unatazamana na uzio. Alitazama choo. Njia ya choo inapita mbele ya Bibi. Akajishika nyuma kwa mkono mmoja pale penye tundu, mkono wa pili hakuwa na la kuufanyia. Sikuwahi kumwona mtu mzima akikosa pa kwenda hivyo. Kisha akalala chini akajisukuma chini ya pikapu, akapotea.

Chini ya gari lililo juu ya jeki tupu. Bila stendi. Sehemu ile ile ambayo Bwana Kanji alisema hata paka asipite.

"Mwadila, mjukuu wangu!"

Nikapiga magoti. Ningefanyaje? Nikaitikia salamu yake ya kikwetu, "Mwadila, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mhola?"

"Mhola, Bibi," nikasema, yaani ni salama.

Mnazijua salamu za Bibi. Akishauliza nyumba anauliza ng'ombe, akimaliza ng'ombe anauliza mvua, kutoka kwenye mvua anakwenda kwa marehemu. Nilikuwa naitikia, jicho moja kwenye jeki. Ubao wa chapati ulikuwa umeanza kuinama upande mmoja, polepole, kama mtu anayesinzia kanisani.

"Mama yako?"

"Yuko kwaya, Bibi."

"Na baba yako?"

Mguu wa Baba ulikuwa umetokeza karibu na drami ya breki, kisigino kimejaa grisi. Nikasogeza sketi nikaufunika.

"Yupo... Yupo karibu."

"Sikusikii, sema kama mtu aliyekula!" Bibi akaanza kutafuta pa kuweka kapu lake la samaki. Akaliona boneti. Akaliweka pale. Pikapu ikasema *kri*.

Wadogo zangu, nilikuwa na aibu zangu zote siku ile. Kumkatiza Bibi katikati ya salamu ni utovu wa adabu. Kumwambia kwamba mkwe wake yuko chini hapa na bukta ya tundu ni kumvua nguo Baba mbele ya mtu asiyepaswa hata kumwona shingo. Lakini nilitazama ule mguu nikawaza kwamba baba huyu tunaye mmoja tu.

Nikakumbuka tairi. Nikalisukuma taratibu kwa goti, nikijifanya nakaa vizuri, ili liingie chini ya chesisi. Halikuingia. Mguu wa Baba ulikuwa umelala njiani. Nikaufinya. Akarusha teke. Nikaufinya tena.

Kutoka chini, kwa mnong'ono wa mtu anayedhani anadonolewa, "Minza, fukuza huyo jogoo!"

"Nani anaongea?" akauliza Bibi.

"Mimi, Bibi."

"Sauti yako imekuwa nzito. Unaumwa?" Na akiwa bado ananihurumia, akageuka, akajishika kiuno, akarudi nyuma ili aegemee bampa. Mnamjua Bibi alivyo. Akiegemea kitu, kitu hicho kinajua.

Sauti ilinitoka. Sijui ilikuwa imekaa wapi miaka yote hiyo.

"BIBI USIEGEMEE! BABA YUKO CHINI YA GARI NA STENDI IKO CHINI YA KITANDA CHAKO!"

Mama Shija alisikia akiwa kwake. Fundi wa pancha anasema na yeye alisikia, lakini huyo anapenda kujiweka kwenye kila habari.

Bibi alisimama kama alivyokuwa, nusu ya kuegemea. Akajinyoosha. Akalichukua kapu kwenye boneti kwa uangalifu kama anachukua yai. Kisha akafanya jambo ambalo mimi nisingelifikiria hata kwa mwaka: akageuka akatazama barabara, akavuta kanga ikamfunika uso upande mmoja, na akamnyanyua jogoo usawa wa macho.

Nikadhani atanipa ujumbe. "Bibi, nimwambieje?"

"Wewe una kazi, shika tairi lako. Nitamtuma huyu." Akamtazama jogoo kwa heshima. "Jogoo, mwambie mwenye nyumba hii kwamba mimi natazama barabara. Barabara ya huku nzuri sana. Nitaitazama muda mrefu."

Chini ya gari ikatoka sauti ndogo, ya mtu mwenye udongo mdomoni.

"Jogoo... mwambie mama, shikamoo."

"Jogoo, mwambie marahaba. Na umuulize kama ana akili timamu."

"Jogoo, mwambie zilikuwepo asubuhi."

Hapo na mimi nikapiga kelele, maana ubao ulikuwa umezidi kuinama na ile sauti mpya bado sikujua inapunguzwaje. "JOGOO, MWAMBIE BABA ATOE MGUU!"

Mguu ukatoka. Nikasukuma tairi lote kwa mabega, likaingia, likalala chini ya chesisi. Baba akajiburuta upande wa pili. Niliona mgongo, kisha tundu, kisha nyayo zikikimbia kuelekea nyuma ya jiko. Alikuwa hajafika kona, ubao ukateleza, jeki ikalala ubavu, na pikapu ikashuka kwa kishindo juu ya tairi. *Pwaa!* Vumbi. Jogoo akajitikisa kamba ikamtoka miguuni, akaruka juu ya uzio akaenda kwa Mama Shija.

Tairi liliishikilia. Pikapu ilikaa pale juu yake, imeinama kidogo, haijagusa udongo. Nikalala chini nikatazama nafasi iliyobaki. Ukitoa lile tairi, nafasi yenyewe ingetosha sahani. Sahani iliyolala. Nikakaa chini nikalia kidogo, na hilo msimwambie mtu.

Bibi bado alikuwa anatazama barabara.

"Ametoka?"

"Ametoka, Bibi."

"Mzima?"

"Mzima."

"Amevaa?"

Nikafikiri jinsi ya kujibu bila kusema uongo. "Kwa mbele, Bibi."

Mabega yake yakaanza kutikisika ndani ya kanga. Alicheka mpaka akalazimika kukaa, na safari hii alikaa kwenye kigoda. Akasema, "Na jogoo amekimbia. Sasa nitaongea naye kupitia nani?"

Jioni jogoo alikamatwa na hukumu yake ikatolewa. Mama aliporudi kutoka kwaya akasimuliwa, akaichukua ile bukta, na safari hii aliichoma moto kabisa, akisimama pale mpaka ikawa majivu. Bibi alipooneshwa chumba chake, kabla hajaweka hata kapu, aliinama akatazama chini ya kitanda. Akaivuta stendi mwenyewe. Kitanda kikaanguka kona moja. Akanikabidhi.

"Hii ni ya gari. Mimi nikianguka kutoka kitandani nitaangukia godoro." Akalitandika sakafuni, akalala, akakoroma hadi alfajiri.

Huo ndio utaalamu wangu wote. Mengine mtajifunza: kwamba ukirudisha tairi unazikaza nati kwa kuruka, hii kisha ya ng'ambo yake, usizizungukie kwa mpangilio kama unahesabu watoto, na kwamba kuzikaza mwisho kabisa ni baada ya gari kushuka chini. Ukishaweka stendi, lisukume gari kidogo kwa mkono kabla hujaliamini. Na hata ukishaliamini, usiingie chini. Kama mkweo amekuja, vaa gunia.

Lakini la kwanza kuliko yote silo la mikono. Nililianza asubuhi iliyofuata.

Niliamka mapema, nikampanga Mzee mbele na Mwenyekiti nyuma ya tairi lililobaki chini. Nikabadilisha ubao wa chapati upande, nikanyanyua gari kwa jeki, nikaweka stendi, nikalisukuma, likatulia. Nikalivuta lile tairi kutoka chini ya chesisi, nikalivingirisha kwa fundi wa pancha likazibwa, nikalirudisha, nikafunga nati. Ikabaki kutoa stendi na kushusha. Nikasimama wima, mimi Minza ambaye nasimama mlangoni mwa duka, nikavuta pumzi mpaka kifua kikauma.

"KUNA MTU CHINI YA GARI?"

Mama Shija akajibu kutoka kwake kwamba yeye hayupo. Mama akajibu kutoka ndani. Kisha, kutoka nyuma ya jiko, alikokuwa amejificha tangu Bibi aamke, nikamsikia Baba.

"Jogoo, mwambie hakuna mtu!"

Jogoo wakati huo alikuwa sufuriani pamoja na viazi. Bibi aliyekuwa anamkoroga akaugeuza uso wake kuelekea barabarani, akainua mwiko.

"Jogoo amesikia," akasema.

Nikashusha gari.